Mama Niliyepanda Naye Gurudumu

Kama hukusoma ya Jumapili iliyopita, hukukosa kitu ila aibu yangu. Kwa ufupi: naitwa Dishon Oyugi, fundi wa kuchomelea mageti pale Kondele, miaka thelathini na sita. Mke wangu Kageha alirudi kwao Maragoli mwaka juzi akaenda na binti yetu. Karakana yangu ya kwanza ilizolewa na mafuriko ya Ahero. Halafu nikampata Sheryl, anayefanya kazi ya maabara Bondo, nikamwambia sijawahi kuoa.

Wasomaji watatu wamenitukana kwa sababu ya hilo la mwisho. Sawa, nilistahili. Lakini wekeni akiba ya matusi, maana ya leo ni mabaya zaidi.

Tulikuwa tumefika mahali ambapo siku ya ayie imepangwa. Kwa wasio Wajaluo, ayie ni siku mama wa msichana anaposema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Asiposema, hakuna ndoa, hata msichana alie vipi. Yetu ilikuwa Jumamosi, kwao Katito. Baba yangu mdogo Joram ndiye aliyekuwa mshenga, yaani jagam, na ndiye pekee aliyekuwa akizungumza na watu wa huko. Mimi mama mwenyewe nilikuwa sijamwona hata kwa picha. Kila nikimwomba Sheryl anionyeshe, aliniambia nitamwona siku ikifika, haraka ya nini.

Basi, Jumapili kabla ya ayie, nikaamua kumpeleka Sheryl kwenye bustani ya bembea ya Mzee Gurdial.

Mtasema bembea ni mambo ya watoto. Ngojeni niwaeleze. Baba yangu alikuwa bawabu katika kiwanda cha sabuni cha Mzee Gurdial, na bustani hiyo iko nyuma ya kiwanda, ukishuka kuelekea ziwani. Kila tarehe ishirini na sita Desemba mzee aliwafungulia wafanyakazi na watoto wao bure. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Nyumbani alikula kimya, alilala kimya, na ukikosea alikuchapa kimya. Lakini tukipanda Gurudumu, lile kubwa lenye masanduku ya bluu, tukifika juu kabisa na ziwa likaonekana lote mpaka ng'ambo, alikuwa akicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, huku amenishika shingo. Mara moja kwa mwaka, dakika mbili, nilikuwa na baba kama wengine.

Tangu alipofariki nimepanda kila mwaka, tarehe ileile, peke yangu. Kageha niliishi naye miaka saba na sikumpeleka hata siku moja. Akiniuliza naenda wapi, nilimwambia naenda kuona mteja. Sikutaka mtu mwingine akae pale alipokaa baba. Ni ubinafsi, najua, na niliulipia kwa namna nitakayoisema baadaye.

Kwa hiyo nilipomwambia Sheryl twende tukapande Gurudumu, mnaelewa nilikuwa nampa nini. Yeye hakuelewa.

Alifika amevaa gauni la manjano na viatu vya kisigino kirefu, akaangalia juu, akaniambia lina kutu. Nikamwambia hiyo ni rangi ya chini inaonekana, chuma chenyewe ni kizima, mimi ni fundi. Akauliza kama hatungeenda tu kula samaki. Nikaanza kumsimulia habari ya baba, nikiwa nimefika kwenye kicheko, nikaona anajipiga picha, na Gurudumu amelitoa kwenye picha.

Moyo uliniuma, lakini nikajipa matumaini. Nikasema akifika juu ataona mwenyewe.

Tukapanga foleni. Tulikuwa tumebakisha watu kama sita, basi la kanisa likaingia kutoka Ahero. Wakashuka akina mama wa ushirika, vitambaa vyeupe kichwani, wanacheka na kusukumana kama wasichana wa shule. Wakaja moja kwa moja kwenye foleni yetu.

Sheryl akanyamaza katikati ya sentensi. Akashika tumbo. Akaniambia anaenda chooni, nishike foleni, anakuja. Na alikwenda mbio, na vile viatu, bila kugeuka nyuma. Nikadhani ni chakula cha jana.

Foleni ikasogea, Sheryl hajarudi. Wandera, anayeendesha Gurudumu, tunajuana miaka mingi. Nikamwomba anisubirie mwenzangu, akakataa. Akasema kwa upepo wa leo sanduku la mtu mmoja linalala upande, na mimi kama fundi sipaswi kuambiwa. Akaangalia nyuma yangu, akaona mama mmoja ambaye wenzake walikuwa wameshapanda wawili wawili, yeye amebaki. Akamwita, akatuingiza pamoja, akafunga mnyororo.

Alikuwa mama mfupi mnene, wa miaka sitini hivi, ameshika mfuko wenye Biblia na kibati cha chakula. Akanisalimia kwa heshima, nikamjibu kwa heshima. Aliniita wuoda, mwanangu, kama mama yeyote anavyomwita kijana asiyemjua, nami nikamwita Mama. Majina hatukuulizana. Tulizungumza Kijaluo, hapa nawaandikia Kiswahili, na kuna ladha itakayopotea.

Likaanza kupanda. Akasema hajawahi kupanda kitu cha namna hii, wenzake ndio wamemchochea, na kama atakufa nimwambie pasta kwamba alisukumwa. Nikacheka. Nikamwambia afumbe macho akitaka, mimi nitamwambia tukifika.

Tulipofika juu kabisa, sanduku letu likiwa kileleni, muziki ukakatika na Gurudumu likasimama. Stima ilikuwa imepotea.

Huko chini nikamsikia Kabir, mjukuu wa Mzee Gurdial anayesimamia bustani siku hizi, anapiga kelele watu watulie, jenereta haina mafuta, mtu ametumwa. Zamani kulikuwa na mkono wa chuma wa kulizungusha stima ikipotea. Uliibiwa na watu wa vyuma chakavu. Mwezi wa tatu Kabir alinipa kazi ya kutengeneza mwingine. Sikuutengeneza. Nilikuwa namwambia wiki ijayo, wiki ijayo, mnavyotujua mafundi.

Upepo wa ziwa ukapiga, sanduku likayumba. Yule mama akaniangukia. Namaanisha hivyo: alijitupa kifuani kwangu, akanikumbatia kiunoni, akaficha uso kwenye shati langu, akaanza kuomba. Kitambaa chake kikamtoka kichwani. Nikakidaka kabla hakijapeperuka, nikamfunga tena kichwani kwa mikono yangu, polepole, huku namwambia chuma hiki ni imara, mimi ni fundi, hatutaanguka.

Nilipotazama chini nikamwona Sheryl. Gauni la manjano halifichiki. Alikuwa amesimama nyuma ya kibanda cha soda, anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, kwa nguvu. Nikafurahi. Nikasema kumbe ananipenda huyu, kumbe ana wasiwasi na mimi. Nikampungia pia. Yule mama hakutazama chini hata mara moja, alisema akitazama atatapika.

Dakika kumi zikapita. Woga ukampungua kidogo, akakaa wima, ila mkono mmoja ulibaki umekamata shati langu. Akafungua kibati. Ndani kulikuwa na nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, amejipikia mwenyewe kwa ajili ya safari. Akaniambia tule, njaa ikituua huku juu itakuwa aibu. Kijiko kilikuwa kimoja. Tukala kwa zamu, yeye mara moja, mimi mara moja, kutoka kibati kimoja. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Ndipo akaniuliza kama nimeoa.

Sijui ni urefu wa pale, au ni vile alivyoniita mwanangu, au ni kwa sababu lile lilikuwa sanduku la baba. Nilianza kusema na sikuweza kunyamaza. Nikamwambia nilikuwa na mke. Nikamwambia kwamba tarehe ishirini na sita Desemba, mwaka alipoondoka, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Tumbo likamshika asubuhi. Alinipigia simu mara kumi na nne. Mimi nilikuwa hapa, juu hapa, peke yangu, simu nimeizima ili nisisumbuliwe. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Nilipofika jioni, mtoto ameshapotea. Kageha aliniuliza swali moja tu, mteja alikuwa nani. Sijamjibu mpaka leo.

Hayo nilikuwa sijamwambia mtu. Joram anajua mke aliondoka. Kwa nini, hajui.

Yule mama hakunihukumu. Alifunga kibati, akanipiga kofi jepesi mgongoni, kama unavyompiga mtoto aliyepaliwa. Akauliza kama nimepata mwingine. Nikasema ndiyo, na kwamba hajui lolote.

"Utamwambia lini?"

"Akishakuwa mke wangu, Mama."

Alicheka kicheko kibaya, cha puani. Akasema afadhali amekutana na mimi, kwa sababu ana jambo linalomnyima usingizi na alikuwa hajapata mtu wa kumuuliza. Ameletewa mwanamume anayetaka kuwa mkwe wake, na amesikia minong'ono.

Alikuwa na binti, akimwita Dana, yaani bibi. Alimpa jina la mama mkwe wake, na kwetu huwezi kumtaja mama mkwe kwa jina hivi hivi, hata kama ni mtoto wako mwenyewe ndiye anayelibeba. Kwa hiyo tangu azaliwe ni Dana. Jina la kanisani sikuuliza, nani huuliza.

Dana, alisema, amepata mchumba, injinia wa maji. Ana nyumba ya mawe kule Riat. Haonji pombe. Hajawahi kuoa, hana mtoto popote. Ndivyo Dana alivyomweleza. Lakini watu wawili tofauti wamemnong'oneza kwamba kuna mwanamke mahali. Akimuuliza Dana, Dana anakasirika na kukata simu.

Mainjinia mimi siwapendi. Wananiletea michoro iliyokosewa, na geti likikataa kufunga wananilaumu mimi. Nikamwambia, Mama, injinia, ana nyumba ya mawe, umri huo, hajaoa? Huyo ana mke. Fikiria wewe mwenyewe.

Akaniomba nimwambie kweli, si kama mgeni, kama mwanawe. Dana angekuwa dada yangu, ningefanyaje?

Hapa nawaomba mnisome taratibu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshiba nyoyo, nimetoa siri iliyonikaba miaka miwili, nimejisikia mtu mwema kwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Nilitaka kumsaidia.

"Mkatae, Mama," nikamwambia. "Mwanamume anayeficha mke kabla ya ayie hatabadilika baada ya ayie. Mimi nakuambia kwa sababu mimi ndiye huyo. Najua tunavyofikiri. Ukimkubali, siku moja binti yako atakuwa hospitali anapiga simu na hazipokelewi."

Macho yalimjaa machozi. Akanishika shavu kwa kiganja.

"Afadhali wewe umesema," akaniambia. "Laiti Dana angeniletea fundi wa kuchomelea anayesema makosa yake, ningemkubali leo."

Nikajisikia fahari. Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Akasema hatangoja Jumatatu, atalimaliza hapohapo kabla moyo haujalegea. Simu yake haikuwa na salio. Akaniomba yangu ampigie mshenga wa yule injinia, awaambie wageni wasihangaike kuja. Nikaitoa mfukoni. Nilikuwa nimeinyamazisha, kama kawaida yangu nikiwa pale juu. Kulikuwa na simu tisa za Sheryl ambazo sikuzisikia, na ujumbe ambao sikuufungua. Nikasema nitamjibu nikishamsaidia huyu mama.

Akatoa kikaratasi ndani ya Biblia, akakisogeza mbali na macho, akaanza kunisomea tarakimu moja moja. Nikawa nabonyeza. Alikuwa hajazimaliza, simu yangu yenyewe ikamalizia na kuandika jina.

Baba Mdogo Joram.

Nilisoma mara tatu. Nilijaribu kujidanganya kwamba Joram labda ana kijana mwingine anayemshughulikia, injinia fulani, asiniambie. Nikatazama chini. Sheryl bado alikuwa nyuma ya kibanda cha soda, amechoka kupunga, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoelewa hakukimbilia choo. Alikuwa amemkimbia mama yake, asimwone na injinia wa kuchomelea mageti.

Mnaojua mila zetu hamhitaji kuelezwa. Mama mkwe, maro, hakaribiwi. Huketi naye kiti kimoja. Humgusi. Kichwa chake humwoni kikiwa wazi. Kula mbele yake ni haramu, na Joram alikuwa amenionya wiki nzima kwamba Jumamosi nitapelekewa chakula changu nyumba nyingine, nisije nikamwaibisha. Mimi nilikuwa nimemkumbatia, nimemfunga kitambaa, nimekula naye kibati kimoja kwa kijiko kimoja.

Lakini mila zina dawa. Unaenda kwa wazee, wanakutafutia njia. Neno nililomwambia halina dawa. Nilikuwa na njia moja tu: kumwambia papo hapo, Mama, injinia ni mimi, na mengi uliyoambiwa si kweli, na mabaya zaidi umeyasikia kwangu mwenyewe. Alikuwa ametoka kuapa kwamba mtu wa namna hiyo angemkubali. Ningesema wakati ule, pengine.

Nikamwambia hapatikani.

Ndiyo. Hayo ndiyo niliyomwambia. Nilisema mteja hapatikani, hata sijapiga, nikaanza kurudisha simu mfukoni.

Mama huyo amelima mpunga na kuuuza mwenyewe miaka thelathini, hadanganywi na mtoto kuhusu simu. Akasema mbona haikulia hata kidogo. Akainyakua mkononi mwangu, akabonyeza penye kijani, na kwa kuwa upepo ulikuwa mwingi akafungua sauti kubwa.

Ikalia mara mbili. Joram akapokea, akasema haya, sema.

"Bwana Joram, ni mimi mama yake Sheryl, wa Katito. Samahani nakusumbua Jumapili. Jumamosi msije."

Jina la Sheryl nalo likawa limetajwa, hata ule uongo nilioubakiza wa kujifariji ukaisha.

Joram akauliza kwa unyenyekevu kosa ni lipi. Na yule mama, ameshika shati langu kwa mkono wa kushoto, akamweleza. Alitumia maneno yangu, hakuongeza na hakupunguza. Kwamba mwanamume anayeficha mke kabla ya ayie hatabadilika baada ya ayie. Kwamba hataki binti yake awe hospitali anapiga simu na hazipokelewi. Kwamba haya si ya wambea, amefunguliwa macho na kijana mmoja mwaminifu ambaye Mungu amemkutanisha naye leo hii, na anamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa natazama ziwa. Lilikuwa lote mbele yangu, mpaka ng'ambo, kama baba alivyolipenda.

"Nimekusikia, Mama," Joram akasema mwishowe. "Lakini nisaidie jambo moja. Mbona unanipigia kwa simu ya bwana harusi?"

Mkono ukaliachia shati langu. Aliitazama simu, akanitazama mimi, kisha akasogea mpaka mwisho wa kiti, na kiti chenyewe hakikuwa na nafasi ya watu wawili kuachana. Huko chini Kabir alikuwa bado anaulizia mafuta.